Alama Nne za Mwanatabu

Mheshimiwa Afisa wa Elimu wa Wilaya; Mheshimiwa Mudiri; Sheikh wetu Badawi; Mwalimu Mkuu, Bwana Barakat; walimu wenzangu; wazee wa kamati ya skuli; akina mama mliobahatika kupata upande wenye kivuli, na akina baba mlioangukia upande wa jua, ambao nawapa pole; wageni wetu mliovuka kuja Likoni kwa ajili yetu; na nyinyi wanafunzi wangu mlioketi hapa mbele mmetulia kupita kawaida kwa sababu mmeahidiwa pilau: asalaam aleikum, na kwa wasioitikia hiyo, hamjambo nyote.

Mwalimu Mkuu alinijia wiki iliyopita akaniambia kwamba sherehe ya kuniaga itaunganishwa na siku ya wazazi, ili mchele usipikwe mara mbili. Akanipa na kazi. "Mwalimu Ngumbao," akasema, "waeleze wazazi watoto wao wanajifunza nini katika hesabu, na wanajifunza namna gani. Na tafadhali, usiwahadithie habari za magoti yako." Nimekubali. Magoti leo hayatatajwa. Lakini liko jambo jingine ambalo hakunikataza, maana halijui, nalo limenikaa kooni muda mrefu, na sitoki katika kiwanja hiki kabla sijalisema. Ikiwa mtaniona natupa jicho langoni kila mara, nisameheni. Nimemwalika mtu. Kiti chake ni kile pale, upande wa akina mama, ambacho nimekataza kisikaliwe.

Mimi, kwa wasionijua, ni Ngumbao wa Fondo, Mgiriama wa Kaloleni. Nimeshika chaki miaka thelathini na miwili, na kumi na miwili ya hiyo nimeishikia hapa hapa. Nilipokuja, darasa la sita lilikuwa banda la makuti, na mvua ikinyesha tulihamia upande mmoja wote, mwalimu na ubao wake. Mwezi ujao, Mungu akipenda, bendera itateremshwa na nyingine itapandishwa, na watu wananiuliza, Mwalimu, mbona unaondoka sasa, wakati mambo ndiyo yanaanza? Nawajibu kwamba serikali imeshahesabu miaka yangu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikupata kosa katika hesabu ya serikali.

Haya basi. Watoto wenu wanajifunza nini?

Wanajifunza, kwanza, kwamba namba si wimbo. Wanakuja kutoka madarasa ya chini wakiwa wanaimba jedwali vizuri mno, saba mara nane hamsini na sita, sauti moja, wanayumba kama wako maulidini. Ukimsimamisha mmoja ukamuuliza, "Nane mara saba je?" anarudi kuanza wimbo mwanzo. Baya, acha kucheka, nakusema wewe. Hapo ndipo kazi yetu inapoanzia. Tunawafundisha kupima kiwanja hiki kwa hatua, kisha kwa kamba, kisha kwa futi, na kujua kwa nini majibu matatu hayafanani. Tunawafundisha asilimia, na uwiano wa saruji na mchanga, na ndiyo maana mafundi wa Changamwe siku hizi wanabishana na watoto wao. Na zaidi ya yote tunawafundisha hesabu za sehemu: nusu, robo, theluthi, sudusi, thumuni. Mwaka mzima wa darasa la sita ni sehemu. Mtoto akizishika, ameshika hesabu yote. Zikimponyoka, tunamhurumia.

Na wanajifunza namna gani? Hapa naomba mwanafunzi mmoja anipe daftari lake. Nyamvula, lete lako. Asante, mwanangu. Tazameni, niliinue juu. Mnaona mstari huu, umepigwa kwa rula kutoka juu hadi chini, umetenga nafasi ya vidole vitatu upande wa kulia? Hesabu inafanywa huku kushoto. Huku kulia mtoto haandiki namba hata moja. Anaandika asichokielewa. "Kwa nini tumepindua hii?" "Hii sita imetoka wapi?" Anaandika palepale shaka inapomshika, kabla haijamtoroka, halafu anaendelea na kazi. Ijumaa mimi napita daftari kwa daftari, najibu pembeni tu. Huku kushoto sigusi. Mtoto ambaye hana swali hata moja pembeni ndiye ninayemwita kwanza, kwa kuwa ama amenakili kwa mwenzake ama hakusoma.

Pembe hii imetuletea sifa. Mheshimiwa Afisa, wewe mwenyewe ulipotukagua miaka mitatu iliyopita uliandika katika ripoti, na ripoti hiyo imebandikwa ofisini mpaka imegeuka rangi, kwamba Mwalimu Ngumbao "amebuni njia bora ya kumzoeza mwanafunzi kujisomea." Nilipongezwa. Nilipewa mkono. Walimu wa Kisauni na wa Port Reitz walikuja kuitazama. Nami nilisimama nikakohoa kidogo, nikasema ni kazi ya kawaida tu.

Mheshimiwa, sikubuni mimi.

Tulieni, tulieni. Nitaeleza.

Mwaka wa hamsini na nane nilikuwa na darasa la sita lenye watoto arobaini, na kati yao wasichana sita. Mmoja aliitwa Mwanatabu binti Mwinyihaji. Baba yake yuko hapa, Mzee Mwinyihaji, ameketi pale mkekani kwa wazee, mkulima wa minazi ambaye wengi wenu mmekula nazi zake. Mwanatabu alikuwa mtoto wa sauti ndogo. Ukimwita anaitika "Abee, mwalimu," kisha hujui kama ameitika au ni upepo. Mbele ya wale wavulana thelathini na wanne asingeweza kuuliza swali hata umtishe kwa bakora. Basi akajipigia mstari wake pembeni mwa daftari, na kila alichotamani kuuliza akakiandika pale. Hakuna aliyemfundisha. Mara ya kwanza nilimgombeza kwa kuharibu karatasi ya skuli. Mara ya pili nikasoma. Nikaanza kumjibu. Ikawa kila Ijumaa nalitafuta daftari lake kwanza, kwa sababu maswali yake yalikuwa yananifundisha mimi kufundisha. Mwaka uliofuata, alipokuwa hayupo, nikaamuru darasa zima lipige mstari kama wake, na jina lake sikulitaja.

Kwa nini hakuwapo? Hilo ndilo la kooni.

Mwaka ule tulikuwa na watoto arobaini wa darasa la sita, na viti ishirini na vitano vya darasa la saba. Mtihani wa mwisho ndio ungechuja. Mtihani wa hesabu niliutunga mimi, na nilijivunia swali moja, la mwisho, lenye alama nne. Nalikumbuka neno kwa neno. "Mwanamke amefariki, ameacha minazi arobaini na miwili. Mumewe ana haki ya nusu. Dada zake wawili wana haki ya theluthi mbili kwa pamoja. Kila mmoja atapata minazi mingapi?"

Fanyeni, wazazi, msinitazame mimi. Nusu ya arobaini na miwili ni ishirini na mmoja. Theluthi mbili ni ishirini na minane. Jumlisha. Arobaini na tisa! Minazi saba haiko shambani. Lilikuwa swali la mtego. Jibu nililolitaka ni hili: "Haigawanyiki, sehemu zimezidi kizima." Nilijiona mwerevu ajabu. Niliwaza, nimechukua minazi yao, nimechukua mirathi yao, nimeitia ndani ya hesabu, sasa watajua kwamba kizima ni kizima.

Watoto thelathini na tisa waliandika haigawanyiki, au hawakuandika kitu. Mwanatabu aliandika: mume kumi na minane, dada mmoja kumi na miwili, dada wa pili kumi na miwili. Na akaonyesha njia, mstari kwa mstari, kwa mwandiko wake wa kichuo, alioupata chuo cha Kurani. Nusu ni mafungu matatu katika sita. Theluthi mbili ni mafungu manne katika sita. Tatu na nne ni saba. Basi minazi igawanywe kwa saba, si kwa sita. Kila mmoja apunguziwe kidogo, kwa kadiri ya haki yake, na wote wapate.

Nilimwita mezani kwangu. "Umeyatoa wapi haya?"

"Kwa babu, mwalimu."

Babu yake, marehemu Mzee Boga, alikuwa mwalimu wa chuo, na watu wakifiwa walimwita awagawie minazi. Mtoto alikuwa anafuatana naye shambani na kitita cha makuti mabichi, anafunga ukuti kwenye shina: mnazi huu wa mume fundo moja, huu wa dada mafundo mawili. Alinieleza yote hayo kwa sauti yake ndogo. Akamaliza kwa kusema, "Kwetu hakuna anayerudishwa mikono mitupu, mwalimu. Wanapunguziwa wote."

Na mimi nikamjibu, mbele ya darasa, "Hapa si kwenu. Hapa ni hesabu."

Watoto walicheka. Nikatia mkasi wa kosa kwa wino mwekundu, mkubwa, kutoka kona hadi kona. Sifuri katika nne.

Mtoto wa mwisho aliyepata kiti cha darasa la saba alikuwa na alama sitini na tatu. Mwanatabu alipata sitini na moja.

Mzee Mwinyihaji, wewe ulikuja ofisini siku ile. Ulivaa kanzu yako ya Ijumaa, na haikuwa Ijumaa. Ulisimama mlangoni, ukakataa kiti, ukaniuliza, "Mwalimu, mimi sikusoma skuli. Nitakalolijua ni lile utakaloniambia. Huyu mtoto ana kichwa cha hesabu au hana? Kama anacho, nitahangaika nimtafutie nafasi, hata kwa kuvuka kila siku." Naye alikuwa nyuma yako pamoja na mama yake, ameshika ncha ya buibui la mama, anasikia. Nami nikasema, "Bidii anayo, Mzee, lakini sehemu hazijamwingia." Ukanishukuru. Ulinishukuru, Mzee wangu! Ukamshika mkono mkaondoka, na nilimsikia kwa mbali akikwambia, "Haidhuru, baba." Mwaka mmoja na nusu baadaye nikaletewa sahani ya harusi yake.

Sasa sikilizeni nilivyozinduka. Miaka miwili iliyopita alifariki mke wa seremala wetu wa skuli. Hawakuwa na mtoto. Alimwacha mumewe na dada zake wawili. Siku ya tatu ya matanga nilikuwepo, nimekaa mkekani, Mkristo peke yangu kati ya wazee, nakunywa kahawa. Sheikh Badawi akaanza kugawanya minazi ya marehemu. Nikamsikia akisema, mume nusu, dada theluthi mbili. Nikatabasamu ndani ya kikombe. Nikasema moyoni, haya, leo Sheikh ameingia katika mtego wangu. Sheikh hata hakusita. Akasema, "Zimezidi, basi tunagawa kwa saba. Mume mafungu matatu, kila dada mawili." Wazee wakaitikia kama mtu aliyeambiwa kumekucha. Nikauliza, nikiwa na kigugumizi, "Sheikh, sheria hiyo ni ya lini?" Wakacheka, Sheikh akacheka zaidi. Akanijibu, "Mwalimu, hiyo ilikuwepo kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Hata watoto wa chuo wanaijua."

Nikaweka kikombe chini.

Niliondoka pale nikaja moja kwa moja skuli, nikafungua kabati la madaftari ya zamani. Wanafunzi mnaijua kanuni yangu: baada ya mtihani kila mtu anaandika masahihisho na kurudisha daftari. Daftari lake lilikuwemo. Lilirudishwa siku ya kufunga skuli na mimi sikulifungua, kwa kuwa nilishamaliza naye. Nikafungua ukurasa ule. Mkasi wangu upo, mwekundu, haujafifia. Masahihisho hakuna. Lakini pembeni, upande wa kulia wa mstari wake, ameandika maneno mawili: "Nimekosea wapi?"

Aliniuliza, jamani. Mtoto aliuliza kama alivyozoea, akangoja Ijumaa yangu, na Ijumaa ile haikuja.

Nilikwenda kumtafuta. Amekaa Chaani na mumewe, mtu wa bandarini, kijana mwema. Nilikwenda na daftari hili kwapani, njia nzima najifunza nitakavyosema. Nikapiga hodi. Akatoka na mtoto mgongoni, akaniona, uso ukamchanua. "Shikamoo, mwalimu! Karibu ndani, karibu." Akanipikia chai ya tangawizi. Akaniuliza habari za kila mtu, za seremala, za ubao uliopasuka, za nani amefaulu na nani anafundisha wapi. Kisha akaniuliza kitu ambacho hadi leo kinaniamsha usingizini. "Mwalimu, darasa la saba walisoma nini baada ya sehemu?" Nikamwambia, uwiano. Akasema, "Nilidhani hivyo." Akatazama chini, akamtengeneza mtoto kitambaa. Na mimi, mwalimu wa miaka thelathini, mchapa watu bakora, nikashindwa. Nikamaliza chai, nikashukuru, nikarudi Likoni na daftari kwapani.

Watu wananiuliza nitakikosa nini nikishaondoka hapa. Nitaikosa harufu ya chaki asubuhi, naam. Nitaikosa sauti ya jedwali ikipita madirishani, ingawa nimeitukana miaka yote. Lakini ninachokikosa kweli nimekikosa tangu nikiwa hapa hapa. Kila Januari napata darasa la sita jipya, na kila Ijumaa nikifungua madaftari natafuta ule mwandiko wa kichuo. Nina hamu naye mtoto yule. Nina hamu ya kuyajibu maswali yake ya darasa la saba, na ya darasa la nane, ambayo hakuwahi kuyaandika. Ningeweza kurudishiwa mwaka mmoja tu, ningeuchukua ule.

Mheshimiwa Afisa, najua umekuja kunipa cheti, na nitakipokea, lakini tafadhali utakapoandika tena juu ya pembe ile, andika jina lake. Mwalimu Mkuu, swali lile la minazi bado limo katika mtihani wetu; liacheni, ila jibu lake mliweke kwa njia zote mbili, na mtoto atakayeleta njia ya tatu msikilizeni kabla hamjachukua wino. Wazazi, mtoto akija nyumbani na mkasi mwekundu, muulizeni yeye kwanza alikuwa anawaza nini. Msiniulize mimi.

Nawe Mzee Mwinyihaji, sijui nianzie wapi. Uliniuliza swali la kweli nikakupa jibu la uongo, na sikujua kuwa ni uongo, na kutojua huko hakukumrudisha mtoto wako darasani. Kichwa cha hesabu alikuwa nacho. Alikuwa nacho kuliko mimi siku ile. Nakuomba radhi mbele ya watu hawa wote, kwa sababu nilimtahayarisha mbele ya watu.

Nimetazama lango tangu nilipoanza. Kiti bado kitupu. Nyamvula, ambaye ni mdogo wake, amenong'ona aliponiletea daftari kwamba dada amezuilika, mtoto ana surua. Basi. Nilitaka alisikie hili kwa masikio yake, lakini sitarudi tena nyumbani na daftari hili.

Ninalo hapa. Wino ni ule ule mwekundu. Sheikh, nakuomba unishikie ukurasa. Hapo. Naandika pembeni, chini ya swali lake, na nitasoma ninachoandika ili mwe mashahidi.

"Hukukosea popote. Alama nne katika nne. Jumla sitini na tano, umefaulu kuingia darasa la saba. Aliyekosea ni mwalimu. Nisamehe. Ngumbao wa Fondo."

Njoo, Nyamvula, mwanangu. Lishike kwa mikono miwili, usilikunje, wino haujakauka. Mpelekee dada yako Chaani. Mwambie mwalimu amechelewa kusahihisha, na kama ana maswali mengine ayaandike pembeni, kuanzia kesho nitakuwa na nafasi ya kujibu.

Waheshimiwa na ndugu zangu, mmenivumilia juani mkanipa masikio yenu hadi mwisho, na shukrani nilizonazo kwenu hazina hesabu. Nyamvula, usingoje pilau, utawekewa sahani yako. Naona Mzee Mwinyihaji ameshasimama, anatafuta viatu vyake. Wapisheni njia, wanavuka pamoja.